Mshale wa Chini: Jeni ya Duffy, Neutrofili na Damu ya Watu Wetu

Hotuba hii ilitolewa Mombasa mbele ya wahudumu wa maabara, wauguzi, maafisa wa kliniki na wazazi wa watoto wenye selimundu. Tumeiweka yote hapa kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Wenzangu wa maabara na wa wodini, maafisa wa kliniki, mama zetu na baba zetu mliokuja na watoto: assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Naanza na karatasi ambayo wengi wenu mnaishika kila siku ya kazi. Ni hemogramu kamili, ile inayotoka kwenye mashine na safu ya namba, na kando yake viwango vinavyoitwa vya kawaida. Kwenye mstari wa neutrofili, zile chembe nyeupe zinazopambana na bakteria, pana mshale unaoangalia chini: ni chache kuliko kiwango. Mwenye karatasi hana homa, hana vidonda mdomoni, hajapungua uzito. Amekuja kwa sababu mwajiri wake bandarini anataka kipimo cha afya. Mtamwambia nini mtu huyo?

Yuko atakayemwambia arudi baada ya wiki mbili. Yuko atakayempa antibiotiki kwa tahadhari. Yuko atakayempeleka kupimwa virusi vya ukimwi mara ya tatu, na majibu mawili ya mwanzo anayo mfukoni. Ninalowaomba leo ni moja: kabla hamjamtia mtu mwenye afya yake katika daftari la wagonjwa, jueni hali yake ya jeni moja. Wataalamu wa kinga huiita ACKR1. Watu wa benki ya damu huiita Duffy, na wameiita hivyo tangu 1950.

Mwaka huo kulitokea nini? London palikuwa na mgonjwa wa hemofilia, ugonjwa wa damu kukataa kuganda, ambaye alikuwa ameongezewa damu mara kadhaa. Kila chupa ya damu ya mtu mwingine huleta chembe zenye alama zake, na mwili ukiona alama usiyoijua unaweza kutengeneza kingamwili dhidi yake. Marie Cutbush, Patrick Mollison na Dorothy Parkin wakakuta kwenye seramu yake kingamwili ambayo haikuwa ya ABO wala ya Rh. Jina la ukoo la mgonjwa lilikuwa Duffy. Alama iliyokamatwa ikaitwa Fya. Mwaka uliofuata, 1951, ikapatikana kingamwili ya alama ya pili, Fyb. Ikaonekana hesabu imekamilika: mtu ana Fya, au ana Fyb, au anazo zote mbili.

Haikukamilika. Mwaka 1955 Sanger, Race na Jack waliripoti damu ya Wamarekani weusi wa New York, na walio wengi hawakuwa na hii wala ile. Chembe zao nyekundu zilikuwa tupu. Ndugu zangu, hao waliotajwa kama jambo la ajabu katika jarida ndio sisi. Afrika magharibi na kati, na sehemu kubwa ya mashariki, chembe tupu ndiyo kawaida, na mwenye alama ndiye wa kuulizwa ametoka wapi.

Jeni yenyewe iko kwenye kromosomu ya 1. Hilo tunalijua tangu 1968, kwa kazi ya mwanafunzi mmoja wa Baltimore, Roger Donahue, aliyetazama kromosomu zake mwenyewe kwa darubini akaona moja ya kromosomu zake za 1 ina kipande kilicholegea kuliko kawaida. Akawapima jamaa zake, akakuta kipande hicho na alama ya Duffy vinarithiwa pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza jeni ya binadamu kuwekwa mahali pake kwenye kromosomu isiyo ya jinsia.

Lakini protini hiyo inafanya nini? Kwa miaka zaidi ya 40 benki ya damu iliipima bila kujua. Jibu lilikuja mwaka 1993, na lilitoka upande wa kinga: ile alama ya Duffy ni kipokezi cha kemokini. Kemokini ni protini ndogo ambazo tishu iliyoumia au iliyoshambuliwa huzitoa ili kuziita chembe nyeupe. Vipokezi vingi vya kemokini ni wachaguzi, vinapokea chache tu. Hiki kinapokea zaidi ya 20, za makundi mawili makubwa, nyingi zikiwa zile za uvimbe na homa.

Ni mnyororo wa asidi amino 336, unaopita kwenye utando wa seli mara saba, mwanzo wake ukiwa nje ya seli. Huko nje, nafasi ya 42, ndiko iliko tofauti ya Fya na Fyb: penye glisini ni Fya, penye asidi aspatiki ni Fyb. Asidi amino moja tu, nayo ndiyo iliyomsumbua yule mgonjwa wa London.

Kipokezi hiki kinakaa mahali pawili panapotuhusu. Kwanza, kwenye chembe nyekundu. Huko kinazishika kemokini zilizotapakaa kwenye damu, kikazipunguza makali. Pili, kwenye seli zinazotandika vena ndogo kabisa, mahali ambapo chembe nyeupe hutoka kwenye damu kuingia kwenye nyama. Huko kazi yake ni ya feri ya Likoni: kemokini inapandia upande wa tishu, inavushwa, inashuka upande wa damu. Feri haimuulizi abiria anakwenda kufanya nini ng'ambo. Vipokezi vingine vya kemokini vikiguswa hupeleka amri ndani ya seli kupitia protini za G. Hiki hakipeleki, kwa sababu kimekosa kile kipande kifupi ambacho wenzake hukitumia kushikana na protini hizo. Ndiyo maana jina lake la kisasa linakiweka katika kundi la vipokezi visivyofuata desturi.

Sasa sikilizeni hapa, maana wengi hupotea hapa. Mtu wetu mwenye chembe tupu hajapoteza jeni. Jeni anayo, na protini yake ni nzima. Kilichobadilika ni herufi moja katika sehemu ya kuiwashia, herufi ya 67 kabla ya mwanzo wa maelekezo ya protini. Palipoandikwa CTTATCT pakawa CTTACCT, yaani T ikawa C. Katika machapisho ya zamani mtaona -33 au -46. Ni mahali pale pale, hesabu ilianzia kwingine. Pale ndipo hukaa protini iitwayo GATA1, ambayo huwasha jeni katika seli zinazozaa chembe nyekundu. GATA1 ikikosa pa kukaa, chembe nyekundu zinatoka bila kipokezi. Seli za vena hazitegemei GATA1, kwa hiyo huko kipokezi kipo kama kawaida. Mambo haya yalielezwa na kundi la Tournamille, Paris, mwaka 1995. Lishikeni hili la vena. Tutalihitaji tukifika kwenye kuongeza damu.

Ni lazima nakala zote mbili, ya baba na ya mama, ziwe na C ndipo chembe ziwe tupu. Mwenye nakala moja ana kipokezi karibu nusu.

Kwa nini herufi hiyo ikaenea hivi Afrika? Hapa kuna kisa cha malaria. Kabla ya penisilini, kaswende iliyofika kwenye ubongo ilitibiwa kwa kumwambukiza mgonjwa malaria makusudi, ili homa kali iue vijidudu vya kaswende. Julius Wagner-Jauregg wa Vienna alipewa Nobel mwaka 1927 kwa tiba hiyo. Nchini Marekani madaktari walitumia Plasmodium vivax, aina mojawapo ya vijidudu vya malaria, wakaona wagonjwa weusi wengi hawapati homa hata wakiambukizwa. Sababu haikujulikana. Mwaka 1975 Louis Miller na wenzake walionyesha ndani ya mirija kwamba chembe zisizo na Duffy haziingiliwi na Plasmodium knowlesi, jamaa wa vivax. Mwaka 1976 wakatoa matokeo ya watu waliojitolea kuumwa na mbu wenye vivax: kati ya watu weusi 11, watano walikuwa na chembe tupu, na ni hao watano tu ambao vivax haikuwashika. Kidudu cha vivax kinahitaji kujishikiza kwenye ule mwanzo wa protini ulio nje ya chembe. Pasipo na pa kushika, hakiingii.

Je, basi sisi watu wa Pwani tuache chandarua? La hasha! Malaria yetu hapa ni falciparum, na falciparum haina haja na Duffy, ina njia zake nyingine za kuingia. Mwenye chembe tupu anaweza kufa kwa malaria ya falciparum kama mwingine yeyote. Na hata kwa vivax kinga hiyo si ukuta kamili: mwaka 2010 uliripotiwa utafiti wa Madagaska uliokuta vivax ndani ya damu ya watu wasio na Duffy, na baada ya hapo zimekuja ripoti nyingine za Afrika.

Kwa nyinyi mnaohudumu karibu na Kilindini kuna neno la ziada. Baharia anayeshuka akitokea India au Pakistan, au msafiri aliyetoka Ethiopia, anaweza kuwa na vivax. Kipimo cha haraka kinachotafuta HRP2 peke yake hakitaiona, maana hiyo ni protini ya falciparum. Tumieni kinachotafuta pia pLDH ya aina zote, na someni tone la damu kwa darubini. Artemether-lumefantrine itasafisha damu, lakini vijidudu vilivyolala kwenye ini vitabaki na homa itarudi wiki au miezi baadaye. Hivyo vinahitaji primakwini, miligramu 0.25 hadi 0.5 kwa kila kilo kwa siku, siku 14, na kabla ya kuitoa pimeni G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, la sivyo mtampasua mgonjwa chembe. Mjamzito hapewi. Haya, tuliache hilo.

Turudi kwenye mshale wa chini, maana ndio uliotuleta.

Mwaka 2008 na 2009 watafiti waliokuwa wakifuatilia kwa nini watu wenye asili ya Afrika wana chembe nyeupe chache walifika kwenye kromosomu ya 1, na hatimaye kwenye ile herufi moja. Mwenye C mbili ana neutrofili chache kwenye damu. Si kwa sababu uboho umechoka. Uboho wake ni mzima. Mwaka 2017 ulitoka utafiti ulioonyesha kwamba kipokezi hiki kwenye seli changa za chembe nyekundu, ndani ya uboho, kinaathiri jinsi neutrofili zinavyotengenezwa. Kikikosekana, zinatoka neutrofili za namna tofauti kidogo, zinazoondoka upesi kwenye damu kwenda kwenye tishu. Tunapotoboa mshipa tunahesabu zilizomo kwenye damu tu. Zilizoko kwenye tishu hatuzihesabu, na huko ndiko kazi iliko. Watu hawa hawaugui maambukizi zaidi ya wengine kwa sababu ya hesabu hiyo.

Sasa jiulizeni, ile namba ya 1.5, yaani neutrofili 1,500 kwa kila mikrolita, iliyochapishwa kwenye karatasi kama mpaka wa chini, imetoka kwa nani? Imetoka kwa watu ambao wengi wao wana Duffy. Mashine inakuja na viwango vyake ndani, tunaichomeka umeme, tunaanza kumpimia mtu wa Changamwe kwa damu ya watu wa mbali. Kwa maoni yangu hilo ni kosa la maabara kabla halijawa kosa la daktari, kwa sababu maabara ndiyo iliyopiga muhuri karatasi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2023 juu ya watu weusi wazima wenye afya uliwatenganisha kwa hali ya Duffy. Kwa wasio na Duffy, kiwango cha kawaida kilikuwa takriban 1,210 hadi 5,390 kwa kila mikrolita. Kwa hiyo mtu mwenye 1.25 anaweza kuwa ndani ya kawaida yake kabisa, na karatasi inampigia mshale.

Tuihesabu pamoja, kwa mfano. Kijana wa Kisauni ana chembe nyeupe 3.4, neutrofili asilimia 36. Zidisheni 3.4 kwa 0.36. Mmepata 1.22. Anaiona karatasi imeandikwa chini ya kiwango, analala na hofu. Mpimeni Duffy. Ikiwa chembe ni tupu, na hana dalili, na hemoglobini na chembe sahani, zile za kugandisha damu, ziko sawa, huyo ni mzima. Mwandikieni kwenye faili: Duffy hasi, neutrofili zake za kawaida ni 1.2. Kuanzia siku hiyo atalinganishwa na nafsi yake.

Lakini kabla hamjafika huko, hakikisheni namba yenyewe ni ya kweli. Damu ya chupa ya mfuniko wa zambarau iliyokaa kwenye joto letu kutoka asubuhi hadi jioni huharibu neutrofili. Ipimeni ndani ya saa 6, na slaidi ipakwe mapema zaidi. Mara moja moja neutrofili hugandamana ndani ya EDTA, dawa ya kuzuia damu kuganda iliyomo kwenye chupa hiyo, na mashine ikazihesabu pungufu: angalieni ukingo wa slaidi, mtaona vichungu vyake, kisha rudieni kwa chupa ya sitrati, mfuniko wa buluu, mkizidisha jibu kwa 1.1 kwa ajili ya maji ya sitrati. Neutrofili za asubuhi huwa chache kuliko za alasiri, kwa hiyo mkirudia kipimo, rudieni saa ile ile. Na wale wenye mashine ya sehemu tatu, inayogawa chembe nyeupe katika mafungu matatu tu, tahadharini: ile safu ya GRAN si neutrofili peke yake. Mashine nyingine huchanganya humo eosinofili, chembe nyeupe za namna nyingine, na kwa mtoto mwenye minyoo eosinofili zinaweza kuwa nyingi hata zikafunika upungufu wa kweli. Hesabuni kwa macho, chembe 100 kwenye slaidi, na zile changa zenye kiini cha utepe zihesabiwe pia.

Na upande wa pili wa jambo, tafadhali msinielewe vibaya. Duffy isiwe kichaka cha kufichia uvivu! Hesabu iliyo chini ya 1.0 itafutiwe sababu nyingine hata kama Duffy ni hasi. Chini ya 0.5 si Duffy, ni dharura, hasa penye homa. Vidonda vya mdomo visivyoisha, majipu yanayorudi, wengu uliovimba, hemoglobini au chembe sahani kushuka kwa pamoja, hayo yote hayaelezwi na jeni hii. Ulizeni dawa: zidovudini, kotrimoksazoli, karbimazoli ya tezi ya shingo, klozapini. Ulizeni chakula, maana ukosefu wa folati na vitamini B12 hushusha neutrofili. Na mtu ambaye kawaida yake ilikuwa 3.0 akashuka hadi 1.3, huyo ameshuka. Hata kama chembe zake ni tupu, ameshuka.

Kwa nini nashikilia sana? Kwa sababu mshale huo una gharama. Klozapini ni dawa ya mgonjwa wa skizofrenia ambaye dawa nyingine zimemshinda. Kwa utaratibu wa kawaida haianzishwi chini ya 1.5, na husimamishwa ikifika chini ya 1.0. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka viwango tofauti kwa watu wenye neutrofili chache za kuzaliwa: kuanza kwa 1.0, kusimamisha chini ya 0.5. Mwenzetu asiyejulikana Duffy yake ananyimwa dawa pekee ambayo ingemrudisha nyumbani kwake. Mgonjwa wa saratani naye anaambiwa arudi wiki ijayo kwa dawa zake, neutrofili hazijapanda, na wiki ijayo hazitapanda, kwa sababu hazikuwa zimeshuka. Dozi inapunguzwa, uvimbe unapata nafasi.

Wazazi wa watoto wenye selimundu, sasa nawageukia nyinyi. Watoto wenu wengi wanatumia haidroksiyurea, ile dawa ya selimundu, na mnajua kwamba kila baada ya muda damu inapimwa, na daktari anaweza kusema tusimamishe kwanza, chembe nyeupe zimeshuka. Mwongozo wa Marekani wa 2014 unaanza mtoto kwa miligramu 20 kwa kila kilo kwa siku, mtu mzima kwa 15, na kuongeza 5 kila wiki 8 bila kupita 35. Unalenga neutrofili zisipungue 2,000. Lakini mwongozo huo huo unasema mgonjwa mwenye umri mdogo ambaye kawaida yake ni ya chini anaweza kustahimili hadi 1,250 bila madhara. Je, mtoto wako ni wa fungu lipi? Bila kujua hesabu yake kabla ya dawa, na bila kujua Duffy yake, hakuna anayeweza kukujibu. Mtoto akisimamishiwa dawa mara kwa mara kwa mshale usio wa ugonjwa, maumivu yanarudi, na mzazi anaona dawa haifai. Basi ombeni hemogramu mbili kabla ya kuanza dawa, mtoto akiwa hana homa, na zihifadhini karatasi zake. Ila msiongeze wala kupunguza vidonge wenyewe nyumbani. Hesabu hiyo ni ya kliniki, na chembe sahani nazo huangaliwa, zikishuka chini ya 80,000 dawa inasimama.

Watoto hao hao ndio wanaoongezewa damu, na hapo ndipo Duffy inaporudi kwa sura yake ya mwaka 1950. Mombasa ni mji wa watu wengi. Mchangiaji damu anaweza kuwa Mdigo, Mswahili wa Mji wa Kale mwenye babu wa Hadhramaut, Mhindi wa Makadara, Mkamba. Wengi wenye asili ya India, na baadhi ya wenye asili ya Uarabuni, wana Fya. Mtoto mwenye chembe tupu akipewa damu yenye Fya anaweza kutengeneza kingamwili. Siku hiyo haoni kitu. Miezi inapita, kingamwili inafifia hata kipimo hakiioni. Akiongezewa tena damu yenye Fya, mwili unakumbuka: baada ya siku 3 hadi 14 hemoglobini inaanguka, mkojo unakuwa wa rangi ya chai ya rangi, macho manjano, maumivu ya viungo. Wengi tutasema ni selimundu imemshika. Kumbe ni damu tuliyompa wiki iliyopita. Hemoglobini ikianguka chini ya ilivyokuwa kabla ya kuongezewa, msikimbilie chupa nyingine. Rudisheni sampuli benki ya damu kwanza, ipimwe Coombs ya moja kwa moja, kipimo cha kuonyesha kama chembe nyekundu zimevikwa kingamwili, na kingamwili zitafutwe upya.

Nilisema mlishike lile la vena. Kwa sababu jeni ya watu wetu ni Fyb iliyozimwa kwenye chembe nyekundu tu, Fyb bado ipo kwenye mishipa yao, na mwili unaijua. Kwa hiyo karibu kamwe hawatengenezi kingamwili ya Fyb. Maana yake kazini: mtoto mwenye chembe tupu aliyepata kingamwili ya Fya, mtafutieni damu isiyo na Fya. Damu yenye Fyb inamfaa. Msipoteze siku mbili mkitafuta damu tupu ya pande zote wakati mtoto anasubiri.

Na usimkisie mtu kwa jina wala kwa rangi. Katika nyumba moja ya Mji wa Kale ndugu watatu wa tumbo moja wanaweza kuwa wa namna tatu. Pimeni.

Kupima kwenyewe si kugumu, ila kuna mitego. Chukueni chembe mbichi, za siku ile, zioshwe kwa salaini, mtengeneze mchanganyiko wa asilimia 3 hivi. Tone la antisera ya Fya, yaani maji ya kupimia yenye kingamwili ya Fya, kwenye mrija mmoja, ya Fyb kwenye mwingine, kisha tone la chembe. Wekeni kwenye nyuzi 37 kwa muda ulioandikwa kwenye karatasi ya antisera. Osheni mara 3 au 4 kwa mrija uliojaa, mmwage maji yote hadi tone la mwisho, muongeze antiglobulini, inayozigandamanisha chembe zilizovikwa kingamwili, mzungushe kwenye sentrifuji, mtikise polepole, msome.

Mtego uko wapi? Hapa jibu tunalolitarajia ni hasi, na hasi ya uongo ndiyo rahisi kuliko zote kutokea. Ukiosha vibaya, seramu iliyobaki inaimaliza antiglobulini na mrija unabaki laini kana kwamba chembe ni tupu. Ndiyo maana kila mrija ulio hasi lazima uongezewe chembe za uhakiki, zile zilizokwisha kuvikwa kingamwili. Zisipogandamana, kipimo hicho ni batili, rudia. Msitumie papaini wala fisini, maana vimeng'enya hivyo hunyoa Fya na Fyb kwenye chembe, na kila mtu atatoka hasi. Chembe za uthibitisho chanya ziwe za mtu mwenye Fya na Fyb zote mbili, si za mwenye dozi mbili za moja, ili mjue antisera yenu inakamata hata penye kidogo. Coombs ya moja kwa moja ya mgonjwa ikiwa chanya, majibu ya njia hii hayasomeki. Na aliyeongezewa damu ndani ya miezi 3 ana chembe za watu wawili mwilini. Kwake mtaona vichungu vichache ndani ya bahari ya chembe zilizo huru. Huyo asipimwe kwa njia hii. Apelekewe sampuli ya DNA, isomwe ile herufi ya -67.

Majibu yakitoka, yasiishie kwenye daftari la maabara. Andikeni kadi, aibebe mgonjwa pamoja na kitambulisho chake: kundi la ABO na Rh, Fya na Fyb, kingamwili yoyote iliyowahi kuonekana hata kama leo haionekani, hesabu yake ya neutrofili akiwa mzima, na tarehe. Mtoto aliyepimwa hapa leo akapelekwa Kilifi au Nairobi kesho, yule wa zamu ya usiku atakayempokea hatakuwa na faili lenu. Atakuwa na kadi hiyo tu.

Nimemaliza upande wangu. Wenye maswali ya antisera tuanze nao, kisha wazazi.